Mabega Yaliyokwenda Baharini

Dar es Salaam, 10 Desemba 1911

Kwa dada yangu mkubwa Mwanaasha binti Hatibu, aliye juu ya Mkuyuni penye ukungu.

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine ya akiba, maana barua hii itapanda gari la moshi mpaka Morogoro, kisha itabebwa na miguu ya mtu mpaka kwako, na huenda ile ya kwanza ikachakaa njiani. Mimi ni mzima kuliko wazima wote wa mji huu. Shemeji Kibwana nampa mkono. Mwalimu Agustino wa misheni, anayekusomea maneno haya, naye msalimu, na mwambie mwandiko wangu siku hizi ni mzuri, asijifanye haoni. Mpwa wangu Furaha huko ndani aliko mwambie mjomba hajamsahau. Najua mwali haonwi, lakini masikio hayakufungiwa. Mwalimu asome kwa sauti, akae karibu na ukuta.

Sasa kaa chini, dada. Nimepata kazi kwenye stima.

Usidhani ni stima ya askari, au ya barua, au ya kubeba nazi. Hii ni ndogo, nyeupe kama jino la mtoto, mali ya mtu mmoja, Bwana Leonard, anayesafiri na mkewe Bibi Magdalena. Siku ya kwanza nilimwuliza nahodha wetu, mzee mmoja wa Kilwa asiyecheka:

"Tunapeleka nini?"

"Hatupeleki kitu."

"Basi tunakwenda kuchukua nini?"

"Hatuchukui kitu."

"Sasa tunakwenda kufanya nini, mzee wangu?"

Akatema mate majini, akasema: "Tunakwenda kuota jua."

Ni kweli tupu. Miezi hii kwao Ulaya ni baridi mpaka maji ya mto yanakuwa magumu na watu wanapita juu yake na viatu. Maskini hubaki wakitetemeka, mwenye mali hukimbia. Bwana Leonard amekimbilia kwetu. Tutashuka na pwani polepole, Mafia, Kilwa, Lindi, hata Mikindani, tukisimama popote Bibi atakaposema hapa pazuri, mpaka baridi yao iishe.

Mimi ndiye mpishi mkuu. Nahodha ameshika usukani, mimi nimeshika matumbo, na wewe unajua nani hapo anatawala. Bwana akila chakula changu husema "guti, guti", yaani tamu kwa lugha yao, mpaka anafumba macho.

Kuhusu siku ya kumtoa mwali, usinikunjie uso. Mwali wa kwetu hatoki ndani kwa miguu yake. Hutoka juu ya mabega ya kaka wa mama yake, kila mtu amwone, na asipokuwapo mjomba watu husema ukoo wa mama umekauka. Mama yetu alizaa mwanamume mmoja tu, akaona huyu anatosha. Kabla ya masika nitakuwa hapo. Furaha aseme anataka nimletee nini kutoka baharini.

Mimi ndugu yako, mpishi mkuu,
Rehani bin Hatibu

*

Mkuyuni, 2 Januari 1912

Kwa mdogo wangu Rehani.

Marahaba, na ile ya akiba nayo nimeipokea, sikuiacha ioze. Sisi hatujambo. Mahindi ya vuli yameingia ndani. Kibwana ameezeka upya upande wa jiko, akaanguka mara moja, hakuumia, ila ndizi alizoangukia zimeumia. Nyani wamerudi shambani na wana watoto wapya wenye adabu mbaya kuliko wazazi wao.

Barua yako imesomwa karibu na ukuta kama ulivyotaka. Mwali alicheka mpaka nikamgongea.

Lakini mimi nina maswali. Wewe Rehani, uliyelia tulipovuka mto Ruvu juu ya gogo, ukanishika nywele mpaka ng'ambo, bahari unaivukaje? Na tangu lini umekuwa mpishi? Ugali wa mwisho uliopika hapa kwangu hata mbuzi aliunusa akaniangalia mimi, kana kwamba nimemtukana. Hao Wazungu wanafumba macho kwa utamu au kwa

(Hapa mama Mwanaasha amesema neno ambalo mimi mwandishi sitaliandika. Agustino.)

Nimemwuliza Furaha anataka nini. Hataki kitambaa, hataki ushanga. Anasema tangu aingie ndani mwaka jana anaona ukuta mmoja tu, na anajua kila ufa wake. Anataka bahari. Amesema hivyo hivyo, mjomba aniletee bahari. Nikamwambia mjomba wako ni mwongo lakini si mchawi. Akasema, basi aseme tu ikoje.

Haya, na jambo lenyewe ni hili. "Kabla ya masika" si siku. Nataka siku. Pombe haiwezi kupikwa kwa maneno, wala wageni wa Matombo hawapandi mlima kwa sababu Rehani amesema labda.

Dada yako,
Mwanaasha

*

Kilwa Kivinje, 14 Januari 1912

Kwa dada yangu, mama wa maswali.

Shikamoo. Barua yako imenikuta hapa kwa bahati, nahodha aliichukua posta akaniletea akiwa ameishika kwa vidole viwili, nadhani ilikuwa bado ina moto. Poleni kwa nyani. Mpe Kibwana pole ya mgongo na pole ya ndizi.

Dada, ungekuja uone maisha haya ungesema Mungu ana wanawe wa pembeni. Asubuhi stima inasimama mahali penye mchanga mweupe. Bwana Leonard anatia ndoano, anavua samaki mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, anampima kwa kamba, anampiga picha, kisha anamrudisha majini na kumpungia mkono wa kwaheri. Nahodha hugeuka upande wa pili kila mara, hawezi kutazama. Mimi siku moja nilimwambia, Bwana, huyo alikuwa chakula cha mchana. Akacheka. Siku hiyo tulikula samaki wa kopo kutoka Ulaya.

Bibi Magdalena analala juani. Si kwamba amekosa kivuli. Kivuli kipo, turubai nzuri kabisa, nimeifunga mwenyewe. Yeye anatoka kivulini kwa hiari yake analala juani, anataka ngozi ishike rangi. Sasa pua imeanza kumenyeka kama kiazi kilichochemshwa. Bwana naye ametoka vipele vya joto shingo nzima. Mchana anakaa ndani ya pipa la maji na kofia kichwani, ananyoosha mkono tu kupokea kikombe. Watu waliokuja kuota jua wamelipata, na jua limewapata wao.

Jana niliwasimulia habari za kwetu. Niliwaambia milima yetu asubuhi haionekani kwa ukungu, na maji ya kijito chetu ukinywa meno yanauma. Bwana akatulia ndani ya pipa, akasikiliza kama mtoto anayesimuliwa habari za asali.

Umeuliza kuhusu gogo la Ruvu. Nilikuwa mdogo, na gogo lile lilikuwa bovu. Hapa kila mtu ananisifu. Nahodha mwenyewe alisema hajapata kuona mtu kama mimi katika miaka yake yote baharini. Mbao za sakafu za stima hii ni nzuri mno, zimeunganishwa kwa ustadi, nazifahamu moja moja, na misumari yake pia.

Mpwa wangu Furaha, bahari ni kubwa. Ni kubwa, na ina maji. Nitakueleza vizuri siku nyingine, sasa hivi upepo umeanza na nina kazi ya kufanya kule pembeni.

Dada, kuhusu siku. Watu wa stima hatuhesabu siku kama ninyi wa nchi kavu. Mkataba nimeutia kidole, mpaka stima irudi Dar es Salaam. Lakini Bwana ananipenda, nitasema naye. Usikunje uso.

Rehani,
mpishi na msimulizi

*

Mkuyuni, 29 Januari 1912

Rehani,

Marahaba. Hatujambo. Nyani hawajambo pia.

Nilikuuliza siku, ukanijibu pua ya Bibi Magdalena.

Sasa siku nimeiweka mimi. Wazee wa ukoo wamekubali. Mwezi mpevu wa Machi, Jumamosi, tarehe mbili. Nimetia mtama maji. Matombo wamepewa habari, Kinole wamepewa habari, wapiga ngoma wamekula kuku wangu wa kwanza ili wasisahau. Haitasogezwa, masika yakiingia hakuna mgeni atakayepanda utelezi huu.

Na nikuambie kitu. Shemeji yako Mikidadi, mdogo wake Kibwana, amekuwa akipita hapa. Anasema kama mjomba yuko Ulaya ya maji, yeye mabega anayo. Kila asubuhi anabeba gogo la mvule kutoka bondeni kujizoeza. Jana amenunua mafuta ya kujichua. Mabega yake sasa yamekuwa kama mlango wa boma. Ni kijana mwema, sina ubaya naye, ila ni wa upande wa baba. Mwanangu akitoka juu ya mabega ya upande wa baba, watu wa hapa watakunywa pombe yangu, watanishukuru, na wakiteremka mlima watasema ule ukoo wa binti Hatibu umekwisha, umebaki wanawake watupu. Nitakuwa nawasikia mpaka nife.

(Mama ametoka nje kufukuza nyani, na nyani hawapo. Amesema nisiandike kwamba ametoka. Agustino.)

Furaha nilipomwambia habari ya Mikidadi aligeukia ukuta. Baadaye akauliza, mjomba amesema bahari ikoje? Nikamwambia amesema ni kubwa na ina maji. Akasema, hilo hata mimi nilikuwa najua.

Mwanaasha

*

Lindi, 15 Februari 1912

Dada Mwanaasha, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeipata leo.

Nimesema na Bwana. Amesema hapana, mpaka mwisho wa Machi, bado hawajaona Mikindani. Nikisema nitoroke, boma litanitafuta, na unajua boma halimtafuti mtu ili limpe chai. Hata nikitoroka, kutoka hapa kwa miguu sitafika.

Mpe Mikidadi nafasi. Mwambie ashike vizuri vifundo vya miguu ya mwali, asitazame chini, pale mlangoni kuna jiwe. Mwambie asimwangushe mwanangu.

Leo sina utani. Posta wanafunga.

Rehani

*

Dar es Salaam, 20 Machi 1912

Kwa dada yangu Mwanaasha, mpika pombe isiyo na mfano kuanzia Ruvu mpaka Mikindani, na sasa nasema hivyo kama mtu aliyepima pande zote mbili.

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kwenye ngoma ya mwali, kichwa bado kinaniuma kwa sababu yako. Nisalimie wote, wazee wa ukoo hasa, na yule bibi wa Kinole aliyenikumbatia akasema nimenenepa. Mwambie ni upepo wa chumvi.

Uliniuliza siku ile katikati ya kelele, "Umefikaje wewe, na hawa Wazungu umewaleta wa nini?" nikakwambia baadaye. Baadaye ndiyo hii.

Nilipotia barua posta kule Lindi nilirudi stimani nikakaa nyuma, karibu na nanga. Sitasema nilikuwa nafanya nini pale. Bibi Magdalena alikuja akaniona, akauliza, Rehani, moshi wa jiko umekuingia machoni? Jiko lilikuwa limezimwa. Basi nikamweleza. Nikamwambia mpwa wangu anangoja mabega.

"Baba yake hayupo?" akauliza.

"Yupo, Bibi, mzima kabisa, ila wakati mwingine huanguka kutoka juu ya paa."

"Basi si ambebe yeye?"

"Baba katika jambo hili ni mgeni, Bibi. Anakaa na wageni, anakula na wageni. Mwenye mtoto ni mjomba."

Akaketi juu ya kamba ya nanga, akajipepea. Nikadhani nimemchosha. Kumbe kichwani alikuwa na lake. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeulizia dawa, "Na kule kwenu, ni kweli kuna baridi?"

Hapo, dada, nikafungua mdomo huu alionipa Mungu. Nikamwambia Bibi, asubuhi kwetu mtu akipumua anatoa moshi kama gari la Morogoro. Nikamwambia mchana tunawasha moto, na kuku wanaatamia mayai wakiwa wamevaa blanketi. Hilo la kuku lilinitoka tu, sikuweza kulirudisha. Alikuwa ameshika pua yake inayomenyeka, anasikiliza. Kisha akaenda kwa mumewe. Walisema Kijerumani kwa nguvu, nikasikia pipa linapigwa teke. Alfajiri nahodha akaniamsha pale sakafuni nilipolala. "Wewe mtu wa mlimani," akasema, "umewafanya nini hawa?" Nikainua kichwa. Stima ilikuwa imegeuka, inakwenda kaskazini. Watu waliokimbia baridi kwao walikuwa wanaifuata kwetu.

Tulikwenda kinyume cha upepo wenyewe, njia nzima mawimbi usoni. Sitasema mengi kuhusu siku hizo.

Lakini nikuambie pale nilipoogopa kweli. Si baharini. Ni njiani kutoka Morogoro. Jua lilikuwa kali, la kuchoma utosi. Bwana Leonard anatoka jasho mpaka miwani inateleza, na kila akifuta uso ananitazama mimi. Nikajisema, Rehani, leo uwongo wako umeishiwa nauli. Tukalala njiani, joto. Tukaamka, joto. Tukapita Mkuyuni, joto, na sokoni pale kuku wamejaa, hakuna hata mmoja aliyevaa kitu. Bwana aliwatazama kuku wale mmoja mmoja. Tukaanza kupanda kwenu. Na pale kwenye kona ya mianzi, ukungu wetu, Mungu auweke, ukashuka kama shuka jeupe, mvua nyembamba ikaanza. Bwana akasimama. Akatoa mikono mbele kama anayepokea kitu. Wewe ulimwona mwenyewe baadaye, amejifunga blanketi la Kibwana, pua inavuja, anapiga chafya, anacheka kama bwana harusi. Ninyi wengine wote mliona Mzungu mgonjwa. Mimi niliona mtu aliyefika kwao.

Na sasa nina neno moja, dada. Nilimkuta Mikidadi. Anatembea na fimbo. Mguu umefungwa majani tangu wakati wa kupalilia, hawezi kubeba hata kibuyu chake mwenyewe. Nikamwuliza, shemeji, gogo la mvule liko wapi? Akasema, gogo gani? Nangoja maelezo.

Kuhusu namna nilivyotembea nikiwa na mwali mabegani, kama watu wanauliza, waambie ile ni ngoma ya Lindi.

Bwana anasema mwakani akija hataki tena stima, anataka nimjengee nyumba kule juu kwenye ukungu. Nimemwambia ukoo wangu utaangalia.

Mjomba halisi,
Rehani bin Hatibu

*

Mkuyuni, 8 Aprili 1912

Kwa mdogo wangu Rehani.

Marahaba. Masika yameingia, daraja la chini limekwenda na maji, mwalimu Agustino amekuja kwangu na matope mpaka magotini kwa ajili yako, kwa hiyo andika vizuri siku nyingine asiumize na macho. Kibwana anaulizia blanketi lake. Mwambie Bwana wako alirudishe, huku ni baridi.

Barua yako ya Lindi, ile ya kusema hutakuja, imefika wiki iliyopita. Wewe umeshakuja, umeshakunywa, umeshaondoka. Nimesomewa. Nashukuru posta kwa uzembe wao. Ningeipata kabla ya siku ile, sijui ningefanya nini. Nimeiweka.

Kuhusu Mikidadi, mwalimu anasema wino wake ni mchache.

Sasa nikueleze usichoona, maana wewe ulikuwa chini. Ulipotoka mlangoni na mwanangu juu, ulipita jiwe vizuri, moyo wangu ukarudi mahali pake. Kisha ukaanza kwenda upande. Ukaenda kushoto, ukarudi kulia, miguu umeitanua kama mtu anayetembea juu ya godoro. Nikajua, huyu anaanguka. Nikashika kichwa. Hata ngoma zilikosea. Yule bibi wa Kinole ndiye aliyetuokoa. Akasema kwa sauti, "Tazameni, mjomba ametoka pwani na mwendo mpya," akaanza kuyumba nyuma yako. Wa Matombo wakashika, wa Kinole wakashika, mpaka wazee wa ukoo na fimbo zao wakaenda kushoto wakarudi kulia. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi sokoni Mkuyuni, vijana wote wanayumba. Wanaiita ya mjomba. Hakuna aliyeteremka mlima akasema ukoo wetu umekauka. Wameteremka wakiyumba.

Hiyo si ngoma ya Lindi, Rehani. Mimi nilikuvusha Ruvu, nayajua magoti yako. Miezi yote hiyo ulilala juu ya zile mbao zako nzuri unatapika, na ulipokanyaga nchi kavu nchi nayo ikakataa kutulia. Na bado ulimbeba. Sitamwambia mtu.

Furaha sasa yuko nje, anachota maji, anacheka na wenzake, na ule ukuta ameupaka chokaa mwenyewe. Juzi nilimwuliza, siku ile juu kule hukuogopa? Akasema, "Niliogopa, mama. Watu wote chini walikuwa wanapanda na kushuka, wanakwenda huku wanarudi huku. Nikamshika mjomba kichwa. Nikamwuliza, mjomba, unaanguka? Akaniambia, nyamaza mwanangu, ndiyo ile uliyoniagiza."

Nikamwambia, mjomba wako ni mwongo.

Akasema, "Ndiyo, mama. Lakini ameileta."

Dada yako,
Mwanaasha binti Hatibu